Baraza ya Mwalimu: Mbio na Michoro

Mwaka jana katika ukurasa huu nilizungumza juu ya watoto wetu na lugha yao, na baadhi yenu mlinipigia simu kunambia kwamba nimekuwa mkali. Mwaka huu sina ukali. Nina kesi tu ya kukusimulieni, na mshitakiwa mmoja katika kesi hiyo ni mimi mwenyewe.

Kesi ilifunguliwa nyumbani kwangu siku ya Idd el-Fitri, baada ya chakula, chai ya tangawizi bado haijapoa. Alinijia mtoto wa marehemu kaka yangu pamoja na binti yake. Huyu binti nitamwita mjukuu tu, maana ameniomba nisiandike jina lake. Ana miaka 22, yuko mwaka wa tatu katika masomo ya usanifu wa majengo hapa Stockholm, kwenye Chuo cha Ufundi cha Kifalme, KTH. Tangu ana miaka 11 ni mkimbiaji wa mita 800 katika klabu, na mbio hizo, kwa wasiozijua, ndizo mbio zenye adhabu kuliko zote: ni ndefu mno kwa mtu wa kasi, na ni fupi mno kwa mtu wa subira.

Mwezi wa Januari kazi yake ya chuo ilikataliwa. Katika masomo yale, mwisho wa kila kazi mwanafunzi hutundika michoro yake ukutani, akaweka na kijumba cha mfano mezani, kisha akasimama mbele ya walimu na wageni wakamuuliza maswali. Mjukuu alisimama na kijumba kisicho paa. Wakamwambia arudi tena na kazi iliyokamilika. Na wiki ile ile alikuwa ameshindana mbio za ndani. Baba yake akajumlisha moja na moja.

"Ami," akanambia, "wewe ndiye mkubwa wetu. Mwambie mjukuu wako avitie kabatini vile viatu vya misumari mpaka amalize chuo. Mshika mbili moja humponyoka."

Methali ile ilinichoma, kwa sababu niliijua imetoka wapi. Imetoka kinywani mwangu.

Ilikuwa mwaka 1994. Huyu baba wa leo alikuwa kijana wa miaka 16, akicheza mpira wingi ya kushoto, na wazee wenzangu wa wakati ule watakumbuka jinsi alivyokuwa akiwapita mabeki kama maji. Mimi nilikuwa mwalimu wa lugha ya nyumbani, nina miaka 6 tu katika nchi hii, na nilikuwa nikiamini kwamba mgeni hana ngazi nyingine ya kupandia ila kitabu. Kaka yangu aliniletea ripoti ya skuli, hisabati imeanguka, akaniuliza tufanye nini. Nikamwita kijana, nikamtolea ile methali, nikamwambia achague. Kwa adabu yake hakuchagua, alitii. Jezi akairudisha klabu wiki ile ile.

Mimi nilidhani zile saa za mpira zitageuka saa za hisabati. Hazikugeuka. Kijana alikaa kwenye kochi akitazama televisheni, rafiki zake wa timu wakampotea mmoja mmoja, na hisabati ikabaki pale pale. Leo ni fundi wa lifti, na ni fundi hodari. Wengi wenu mnapanda na kushuka salama kwa mikono yake. Hilo ni jambo la fahari. Lakini nimemwona zaidi ya mara moja, jioni, akitoka kazini na mkoba wake wa vifaa, amesimama kwenye uzio wa uwanja akiwatazama watoto wanaocheza. Kwa miaka yote hii hakunilaumu hata siku moja. Lau angenilaumu, ingekuwa nafuu.

Basi siku ile ya Idd sikuweza kuhukumu. Nikawaambia wanipe wiki 3, na kwamba safari hii sitatoa methali kabla ya kwenda kutazama kwa macho yangu.

Nikaenda. Kutoka hapa kwetu, kwenye kituo kile cha mwaka 1975 chenye kuta zilizochorwa kama vile watoto wametiwa chaki mikononi wakaachiliwa, unapanda treni ya buluu mpaka T-Centralen, unabadilisha treni nyekundu ya kwenda Mörby. Kituo cha pili ni Stadion. Kinachofuata ni Tekniska högskolan, yaani chuo chenyewe. Mimi nimepita njia ile miaka mingapi, na sikuwahi kufikiri kwamba uwanja na chuo ni majirani wa mlango kwa mlango. Kesi yote ya mjukuu iko baina ya vituo viwili.

Nilishuka Stadion kwanza. Uwanja ule ni wa matofali ya kuchoma, na minara kama ngome. Ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1912 na unatumika mpaka leo. Aliyeuchora ni Torben Grut, ambaye naye alikuwa mcheza tenisi. Na mwanawe William Grut alipata medali ya dhahabu ya pentatloni ya kisasa katika Olimpiki ya London mwaka 1948. Hiyo ni nyumba moja iliyokuwa na penseli na jasho pamoja, wala moja halikumfukuza mwenziwe.

Na Olimpiki ile ya 1912 ndiyo ya kwanza kutoa medali za sanaa, na usanifu wa majengo ukiwemo. Mashindano hayo yaliendelea mpaka 1948. Hapo ndipo nilipomkumbuka mtu mmoja ambaye ningependa kila mzazi amjue. Ni Alfréd Hajós wa Hungaria. Mwaka 1896, katika Olimpiki ya Athens, alikuwa mwanafunzi wa usanifu mwenye miaka 18. Waliogelea baharini, katika maji ya baridi kali, naye alijipaka mafuta mazito mwilini ili asigande. Akashinda mita 100, akashinda na mita 1,200. Inasimuliwa kwamba aliporudi chuoni Budapest, mkuu wake hakumpongeza. Alimwambia kwamba medali hazimhusu, yeye anangojea majibu yake kwenye mtihani. Hajós akafanya mitihani yake, akawa msanifu. Mwaka 1924 huko Paris alipata medali ya fedha ya usanifu, pamoja na mwenzake Dezső Lauber, kwa ramani ya uwanja wa michezo, na mwaka ule dhahabu ya usanifu haikupewa mtu. Mwaka 1930 likafunguliwa bwawa kubwa la kuogelea mjini Budapest alilolichora yeye, na leo lina jina lake.

Nataka mtazame tarehe hizo vizuri. Medali ni 1896. Bwawa ni 1930. Baina yao ni miaka 34. Hajós alivishika viwili, ndiyo, lakini hakutaka viwili vikomae msimu mmoja. Muogeleaji alimpisha msanifu, na msanifu hakumsahau muogeleaji.

Kuna upande wa pili, na mwalimu asiyesema upande wa pili ni mpiga debe. Kwenye uwanja ule ule wa Stockholm, tarehe 3 Julai 1989, Mkenya Peter Koech aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, dakika 8, sekunde 5.35. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mkenya mwenziwe Henry Rono ya mwaka 1978. Wote wawili walipitia chuo kimoja, Washington State, kule Marekani, ambako vyuo vikuu vina timu zao na humlipia mkimbiaji masomo yake. Rono katika mwaka ule wa 1978, kutoka tarehe 8 Aprili mpaka 27 Juni, katika siku 81, alivunja rekodi 4 za dunia akiwa bado mwanafunzi. Nani aliyepata kama hayo? Lakini Olimpiki mbili, ya 1976 na ya 1980, zilimpita kwa sababu nchi yake ilisusia, na baadaye, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, fedha na pombe vilimyumbisha mpaka akafanya kazi za kuosha magari na kubeba mizigo uwanja wa ndege. Alikuja kusimama tena, akafundisha watoto, na alifariki mwaka 2024. Mungu amrehemu. Na kwa upande wetu, medali mbili tu ilizozipata Tanzania katika Olimpiki, zote za Moscow 1980, ni za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Nyambui alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas huko El Paso. Bayi alipomaliza mbio alijenga skuli. Mguu una miaka yake, na miaka hiyo ni michache. Anayeutegemea mguu peke yake, siku ukisimama naye husimama.

Kwa hiyo baba wa mjukuu hakukosea kuogopa. Alikosea dawa, kama nilivyokosea mimi.

Nikapanda tena treni, nikashuka kituo cha pili. Skuli ya usanifu iko katika jengo jipya lenye ngozi ya chuma cha kutu, pembe zake zimeviringwa, na lilipata tuzo ya Kasper Salin mwaka 2015. Mjukuu alinipokea mlangoni, "Shikamoo babu," akanipandisha kwenye chumba cha kuchorea. Jamaa zangu, mimi nilidhani kuchora majengo ni kuchora. Kumbe kuchora ni kidogo. Wanapima jua linavyoingia dirishani mwezi wa Disemba. Wanahesabu uzito, joto, upepo, na hewa chafu itakayotoka kiwandani kwa kila mfuko wa saruji. Meza zimejaa kadibodi, gundi na vikombe vya kahawa, na chini ya meza moja niliona mto wa kulalia. Nikamuuliza wa nani. Akanambia kwamba wiki ya mwisho kabla ya maonyesho wengine hawarudi nyumbani.

Hapo nikaelewa shauri moja alilolikata zamani bila kutueleza. Alipokuwa na miaka 19 aliletewa barua na kocha wa chuo kimoja cha Marekani, wakitaka akimbie kwao. Sisi wote tulishangaa alipokataa. Kumbe alimuuliza kocha juu ya usanifu, na kocha, kwa ukweli wake, alimjibu kwamba madarasa ya kuchora ni mchana kutwa, na mazoezi ya timu ni mchana huo huo. Huko kanuni inasema mwanafunzi asipewe zaidi ya saa 20 za michezo kwa wiki wakati wa msimu, lakini ukitia safari za mashindano mwezi unaliwa. Mtoto akaona bora abaki hapa, ambako chuo hakimtozi ada, CSN humpa ruzuku na mkopo, na mbio ni za klabu, si za chuo. Hapa hakuna kocha awezaye kumnyima masomo. Lakini pia hakuna mtu anayempangia. Hajui chuo kwamba Jumamosi ana mashindano, wala haijui klabu kwamba Ijumaa ana maonyesho. Kila upande unamdai kama vile hana mdai mwingine.

Nikamwambia, kaa kitako tuhesabu. Tukachukua karatasi ya michoro, kubwa kama shuka, tukaandika.

Wiki ina saa 168. Usingizi saa 8 kwa siku, zimekwenda 56. Madarasa na kuchora, 50. Mazoezi mara 6, pamoja na kwenda, kuoga na kurudi, 17. Kazi yake ya dukani mwisho wa wiki, 8. Kula, kusali, kumsaidia mama yake, saa 3 kwa siku, 21. Treni ya chuo kwenda na kurudi, 7. Jumla 159. Zimebaki saa 9.

Nikamwambia, mbona zinatosha na baki ipo. Akanambia, "Babu, zinatosha wiki ya kawaida. Wiki ya maonyesho kuchora hakuwi 50, kunakuwa 70." Basi zinatakiwa 20, na zilizopo ni 9. Zile 11 zinatoka wapi? Akanyamaza. Zilitoka kwenye usingizi. Mwezi wa Januari alilala saa 4 kwa usiku, mara 3 mfululizo, akaenda akakimbia vibaya, akarudi akachora vibaya. Kwa hiyo hazikuwa mbio zilizoangusha michoro, wala si michoro iliyoangusha mbio. Ni zile saa 11 ambazo hakuna aliyeziandika popote.

Nilipokuwa nikitazama karatasi ile, alinitolea kazi yake nyingine na kuniuliza jambo ambalo kwa miaka yangu yote hapa hakuna mtoto aliyeniuliza. "Babu, nyumba yenu ya zamani ilijengwa vipi?"

Kazi yenyewe inahusu nyumba zetu hizi hizi za Hallonbergen. Mnajua kwamba serikali ya Sweden, baina ya 1965 na 1974, ilijenga nyumba kama milioni moja, na mtaa wetu ni katika hizo. Mabamba ya zege yalimiminwa kiwandani yakaletwa yakapangwa. Wengi huziita mbaya. Walimu wake wanawauliza wanafunzi: nyumba kama hizi zikichoka, zibomolewe au zitengenezwe? Mjukuu anatetea kutengeneza. Anasema saruji peke yake hutoa takriban sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa inayotokana na kazi za binadamu, na zege lililokwisha kumiminwa deni lake limekwisha kulipwa na hewa. Ukilivunja na kumimina jingine unakopa mara ya pili. Toka tarehe 1 Januari 2022 sheria ya nchi hii inamtaka anayejenga jengo jipya atangaze litaharibu hewa kiasi gani. Watu wanatafuta njia. Kule Skellefteå mwaka 2021 ulifunguliwa ukumbi wa utamaduni pamoja na hoteli, ghorofa 20, kwa miti. Na Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, mwaka 2022, alijenga Turkana, Kenya, chuo chenye minara mirefu inayovuta joto nje kama kichuguu cha mchwa.

Mimi nikamweleza nyumba ya bibi yangu, Malindi, Unguja. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, kwa hiyo joto la mchana lilikuwa likichelewa mlangoni. Dari za boriti za mikoko. Na vyumba vyote vyembamba, virefu. Akaniuliza kwa nini vyembamba, maana utajiri ulikuwepo. Nikamwambia, kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko unaofaa hautoi boriti ndefu ya kuvuka zaidi ya mita kama 3. Fundi alikuwa haanzi na chumba unachokitamani. Alianza na boriti aliyonayo, kisha chumba kikafuata. Ukitaka nafasi zaidi, unaongeza chumba cha pili kando yake, au ghorofa juu. Hurefushi boriti.

Akaacha penseli, akaitazama ile karatasi ya saa 168. Wala sikuhitaji kuongeza neno.

Nikamweleza na upande wa hasara. Zile nyumba zinataka kupakwa chokaa mara kwa mara, kwa sababu chokaa huacha ukuta upumue; siku hizi watu wameziba kwa saruji, maji yanakaa ndani, boriti zinaoza. Beit el-Ajaib ya mwaka 1883 sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, na kila aliyezaliwa Unguja siku hiyo alihisi kama amefiwa. Nikamweleza pia na majumba ya Michenzani, ambayo Wajerumani wa Mashariki walitusaidia kuyapanga, na yakapanda mimi nikiwa mtoto, marefu kama treni, na zege lake ni ndugu wa zege la hapa. Akacheka, "Kwa hiyo babu umehama Michenzani ukaja Michenzani." Nikamwambia, ndiyo, lakini ya huku ina theluji. Ameandika maneno haya katika kazi yake, na ile picha ya chumba cha bibi ameichora, boriti moja moja.

Wiki 3 zilipotimia tukakaa tena, safari hii kwao. Karatasi tukaitandaza mezani. Mjukuu mwenyewe ndiye aliyesoma hukumu, si mimi. Mbio za ndani, za Januari mpaka Machi, ataziacha, kwa sababu zinagongana na kazi kubwa za chuo. Mazoezi hataacha, lakini wiki ya maonyesho yatakuwa mara 3 badala ya 6, na mengine ya kutembea tu msituni Ursvik. Mbio zake zitakuwa za nje, kuanzia Juni, wakati chuo kimefungwa. Na kila Septemba atampa kocha tarehe zote za maonyesho, na kuzipeleka tarehe za mashindano kwa mwalimu wake. Kocha, alipoambiwa, alisema jambo dogo: "Kwa nini hukunambia mapema?"

Baba yake alisikiliza, mikono kifuani. Akauliza, "Na ikishindikana?" Mjukuu akajibu, "Ikishindikana, baba, mbio zitapisha. Lakini nitazipisha mimi, si wewe."

Chumba kikawa kimya. Hapo nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimekosa mara mbili. Nikamwambia mwanangu yule, mbele ya mkewe na watoto wake, kwamba mwaka 1994 sikuhesabu. Nilitoa methali mahali pa hesabu, na methali ni chumvi, haiwi chakula. Saa zake za mpira hazikuwa ndizo zilizokula hisabati. Alihitaji mtu wa kumkalisha saa moja jioni akamfundisha, na mtu huyo nilikuwa mimi, mwalimu, nilikuwa ghorofa ya juu yake. Nikamuomba radhi.

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Ami, yamepita." Kisha akainuka akaenda kutia maji ya chai, akakawia jikoni kuliko maji yanavyochemka.

Mngependa kujua mwisho. Kazi ile iliyokataliwa ilirudishwa mwezi wa Mei, na ikapita. Mwezi wa Juni mjukuu alikimbia mita 800 mara 2, na hakuvunja muda wake bora. Mara ya pili alikosa kwa chini ya sekunde moja. Hakulia. Alisema mguu bado unarudi. Pale kwenye uzio, upande wa mita 200 za mwisho, alisimama mtu na chupa ya chai na mkoba wa vifaa vya lifti, akipiga kelele kwa Kiswahili mpaka Waswidi wakageuka.

Wazazi wenzangu, nakuachieni mambo machache, si amri.

Kwanza, kabla ya kumwambia mtoto aache kitu, kaa naye uhesabu saa zake kwa kalamu. Pengine mwizi si yule unayemshuku.

Pili, usingizi si akiba ya kuchukuliwa kila kukiwa na upungufu. Usingizi ni msingi, na hakuna fundi anayechimba msingi wake ili apate mawe ya paa.

Tatu, chuo na klabu havisemezani. Mtoto avisemeshe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, ukimnyima mtoto kitu anachokipenda, jua utakachomwekea mahali pake, na uwe tayari kukaa naye pale. Mimi sikukaa.

Na nyinyi vijana mnaosoma ukurasa huu kwa sababu bibi zenu wamekulazimisheni: boriti hairefuki. Lakini ukiipima kwa haki utashangaa nyumba gani inaweza kusimama juu yake.

Mwakani, Mungu akitujaalia uhai, nitaandika juu ya wale wanaorudi nyumbani kujenga. Wenye visa vyao waniletee. Mlango wangu mnaujua, na lifti inafanya kazi.

Wakatabahu, mwalimu wenu mstaafu,
Hallonbergen